Kijitabu cha Babu Kisiuzwe kwa Pupa

Safari hii naomba wenye barua za wachumba na mawifi mnisubiri kidogo. Nimepata barua ya binti wa Ndundu, kule Rufiji, na nimeona tuijibu mbele ya wote, maana najua nyumba nyingi zina sanduku kama la kwao.

Anaeleza hivi. Babu yao amefariki, arobaini imeshapita. Walipofungua sanduku lake la bati, chini ya kanzu na kadi zake za TANU na CCM, wakakuta kijitabu chembamba chenye pini zilizoshika kutu: Azimio la Arusha. Ndani kuna jina la babu kwa wino, mistari ya penseli chini ya baadhi ya maneno, na muhuri uliofifia. Kaka yake akakipiga picha na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Muda si mrefu bwana mmoja wa Dar es Salaam akapiga simu, anakitaka, na atakuja mwenyewe kukichukua. Kaka anataka kuuza. Shangazi yao aliyeolewa Muhoro amesema hakiuzwi, anataka akitunze yeye. Baba mdogo hataki hata kukiona, anasema kichomwe moto. Binti anauliza: "Dada, kwani kina nini hicho kijitabu? Na mimi nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, nitaanza na swali lako la kwanza, maana ukishalielewa hilo, kikao chenu kitakwenda vizuri. Mtu asiyejua kwa nini kitu chake kinatafutwa hawezi kukiuza kwa akili, na wala hawezi kukitunza kwa akili.

Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU pale Arusha, mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Kesho yake Serikali ikatangaza kuzitaifisha benki. Kwa hiyo hayakuwa maneno ya kuning'iniza ukutani. Watu walisikia redioni, kisha wakaona mambo yanatokea. Vijana wakatembea kwa miguu kutoka mikoani kuliunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, akafia njiani. Mwalimu Nyerere naye, Oktoba mwaka huohuo, akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Babu yako alikipata kijitabu hicho katika nchi iliyokuwa na moto huo.

Sasa kifungue polepole, usikipasue, usome sehemu ya tano, ile ya mwisho. Hapo ndipo penye masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma tena hayo manne, kisha fikiria kwamba yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi na kugawiwa kwa wananchi, ili mkulima wa mpunga wa bonde la Rufiji aweze kumnyooshea kidole mbunge wake. Nadhani mvuto wa kijitabu hiki kwa wakusanyaji unaanzia hapo hasa. Vitabu vya siasa vingi vinamwambia mwananchi afanye nini, lakini hiki kilimwekea kiongozi mipaka, kwa lugha ambayo bibi wa kijijini angeielewa akisomewa. Na kwa kuwa mipaka hiyo ililegezwa baadaye, na uamuzi wa CCM wa Februari 1991 ambao watu wanauita Azimio la Zanzibar, anayeshika chapa ya zamani anashika ahadi yenyewe kama ilivyotolewa. Hati ya ahadi haichuji. Ikitimizwa mtu ataitunza kwa shukrani, isipotimizwa ataitunza kama ushahidi.

Wewe ni wa Rufiji, kwa hiyo kuna mtu mmoja ambaye lazima nikutajie. Bibi Titi Mohamed, yule mama aliyewaingiza wanawake wa Tanganyika ndani ya TANU tangu miaka ya hamsini, ndiye aliyekuwa mbunge wa Rufiji mpaka alipokipoteza kiti hicho katika uchaguzi wa 1965. Azimio lilipokuja alikuwa kiongozi wa umoja wa wanawake, UWT. Alikuwa na nyumba anazopangisha. Akalikataa sharti lile, akaacha uongozi. Baadaye akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 na kuachiwa 1972. Leo Dar es Salaam kuna barabara kubwa yenye jina lake. Ukimsoma Susan Geiger, mwanahistoria aliyekaa na wanawake wale wa TANU akaandika simulizi zao katika kitabu chake cha 1997, utaona Bibi Titi hakuwa mtu wa kutafuna maneno. Mimi nampenda kwa hilo, ingawa sharti la nyumba naliona lilikuwa na maana yake. Ninachotaka ukione ni kwamba mstari mmoja wa kijitabu hicho mlichokikuta chini ya kanzu ulibadilisha maisha ya mwanamke aliyekuwa mwakilishi wa wilaya yenu. Anayekusanya vitabu anayajua mambo haya. Kaka yako hayajui, ndiyo maana mizani ya mazungumzo yao haiko sawa.

Halafu kuna jambo la karatasi yenyewe. Vitabu vikubwa vya Mwalimu, Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa, vilichapwa na Oxford University Press kwa jalada gumu, vikanunuliwa na maktaba na wasomi, vikakaa kwenye rafu. Azimio lilikuwa kijitabu cha pini mbili, karatasi nyepesi, kimechapwa kwa wingi ili kipite mikononi. Kilisomwa mikutanoni na madarasani. Kilikunjwa mfukoni, kikanyeshewa, kikaliwa na mchwa, kikawashia jiko. Vitu vilivyotolewa kwa wengi na kwa bei ndogo ndivyo vinavyotoweka kwanza, kwa sababu hakuna anayedhani vinahitaji kutunzwa. Babu yako alidhani, na alikuwa sahihi.

Mwenyewe Nyerere aliendelea kutembea nalo. Katika mahojiano yaliyochapwa na jarida la New Internationalist mwanzoni mwa 1999, mwaka aliofariki, alieleza kwamba bado anasafiri na Azimio na kulisoma tena na tena, akitafuta cha kubadilisha. Pengine angeboresha Kiswahili chake, alisema, lakini mengine angeyaacha yalivyo. Mtu huyohuyo, mwaka 1977, alikuwa ameandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio na kukiri wazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Tathmini hiyo nayo ilitoka kama kijitabu. Kama imo sandukuni, usiitenganishe na ndugu yake.

Nchi nyingine nazo zina hadithi zao. Kile kitabu chekundu cha maneno ya Mwenyekiti Mao kilianza kuchapwa China mwaka 1964 kwa ajili ya wanajeshi, kikaenea dunia nzima, hata kwa Kiswahili kikatafsiriwa, na hapa kwetu kilionekana sana miaka ile Wachina walipokuja kujenga reli ya TAZARA. Kilichapwa kwa mamilioni mengi mno, kwa hiyo nakala ya kawaida si adimu. Lakini nakala za mwanzo zilikuwa na maneno ya Lin Biao, waziri wa ulinzi, yakiwahimiza watu wamsome Mao. Lin Biao alipokufa kwa ajali ya ndege Mongolia, Septemba 1971, akiitwa msaliti, watu wengi waliuchana ukurasa ule au kulifuta jina lake kwa hofu. Leo wakusanyaji wanatafuta nakala ambayo ukurasa haukuchanwa. Umeona? Thamani imejificha kwenye kile ambacho mwenye kitabu aliamua kukifanya siku ngumu. Ndiyo sababu nakuomba usifute hata alama moja ya penseli ya babu yako.

Hapa sasa nizungumze na baba yako mdogo, kupitia kwako, kwa heshima zote.

Hasira yake ina msingi, na wanaomwona mkorofi wanamkosea. Ninyi wa Rufiji mlionja vijiji vya ujamaa, siasa iliyotangazwa na Azimio hilo, mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na baada ya hapo Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji: watu waliokuwa wakiishi bondeni, kila mtu karibu na shamba lake, wakahamishiwa nyanda za juu, kwenye vijiji vilivyopangwa. Palikuwa na faida: shule, zahanati, usalama wa maji yasiingie kitandani. Palikuwa pia na hasara ambayo haikuandikwa kwenye kijitabu chochote. Mrufiji alikuwa analima kwa kuufuata mto. Mpunga unakwenda na mafuriko, kisha maji yakishuka, kilimo cha mlao kwenye udongo wenye unyevu. Ukimtoa mtu huyo bondeni, shamba linabaki bila mlinzi, nguruwe pori na nyani wanashangilia, na yeye anatembea mwendo mrefu kwenda kulala kwenye dungu ili avune alichopanda. Msomi wa Norway, Kjell Havnevik, aliandika kitabu kizima mwaka 1993 juu ya maendeleo yanayoamriwa kutoka juu, na mfano wake mkubwa ni bonde lenu hilo.

Kwa hiyo baba mdogo anapoliona neno Azimio, anaona shamba la baba yake lililoachwa. Msimbishie. Lakini mwambie hivi: ukikichoma kijitabu, unachoma pia ushahidi wa kile kilichoahidiwa siku mliyohamishwa. Watoto wa watoto watasimuliwa kwamba babu zao walihamishwa, wasijue kwa maneno gani, kwa hoja gani, na babu mwenyewe alipigia mstari sentensi zipi. Huenda alipigia mstari kwa kukubali. Huenda kwa kukataa. Hilo ni fumbo la ukoo wenu, na anayeweza kulifumbua bado yu hai. Ni yeye baba mdogo, na shangazi. Mkae nao, muwaulize, mkiwa na kijitabu mkononi, ukurasa kwa ukurasa. Simu ya kaka yako iliyotumika kuweka stetasi itumike kurekodi sauti zao. Kama mtaniuliza ni kipi cha thamani zaidi sandukuni, mimi nitasema ni mazungumzo hayo, na hakuna mnunuzi wa Dar anayeweza kuja kuyabeba.

Nije kwenye mambo ya kutenda, maana najua kaka yako anahema mgongoni mwako.

Kwanza kabisa, kijitabu si cha kaka. Wala si chako. Babu amefariki Mwislamu, ameacha watoto. Kila alichoacha, kuanzia shamba hadi sindano, ni mirathi. Na wajukuu hawarithi mbele ya mtoto wa kiume wa marehemu aliye hai. Baba mdogo yupo, shangazi yupo, na kama bibi yupo naye ana fungu lake. Hao ndio wenye kauli. Mkaulizeni imamu wenu awaongoze, mimi si kadhi. Kitu kisichogawanyika kama hiki, warithi wanaweza kuridhiana kikabaki kwa mmoja wao, au kikauzwa na fedha zikagawanywa kwa mafungu, au wakakitoa wakfu. Yote yanawezekana wakiridhiana. Lisilowezekana ni mjukuu kupatana bei kwa simu huku wenye mali wakiwa hawana habari. Mwambie kaka yako kwa upole, wala usimwaibishe mbele ya mkewe. Pengine ana shida ya fedha ambayo hajaisema, na hiyo ndiyo inayopaswa kuzungumzwa.

Pili, ule muhuri. Kaeni nao kwenye mwanga wa asubuhi muusome vizuri. Kama unasomeka maktaba, shule au chuo fulani, basi nafasi kubwa ni kwamba kiliazimwa na hakikurudi. Hilo halimchafui babu. Vitabu vingi vilibaki mikononi mwa watu taasisi zilipofungwa au kuhamishwa. Lakini linabadilisha hukumu: kitu cha umma hakiuzwi. Kama taasisi ipo, mwulizeni mkuu wake. Kama ni muhuri wa tawi la TANU au wa kikundi cha elimu ya watu wazima, hapo ni jambo jingine, huo unasimulia kijitabu kilitoka wapi na mkusanyaji makini ataufurahia.

Mkishamaliza hapo, jueni mlichonacho ni nini. Tazameni ndani ya jalada na nyuma kabisa: mwaka, mchapishaji, mpiga chapa. Azimio lilichapwa tena na tena, na mwaka 1968 liliingia pia ndani ya kitabu Ujamaa cha Oxford. Kama ndani ya kijitabu chenu kuna Mwongozo wa TANU, basi hiyo si chapa ya 1967, maana Mwongozo ni wa 1971. Bei sikutajii, kwa sababu inategemea chapa, hali ya karatasi, na hamu ya mnunuzi siku hiyo, na nisingependa uingie kikaoni na tarakimu yangu kichwani. Ila ujue hili: wapo wanunuzi wanaotaka nakala safi isiyoandikwa kitu, na wapo watafiti wanaotaka hasa nakala iliyochorwachorwa na msomaji wa kijijini, kwa sababu safi zipo kwenye maktaba, zilizosomwa hazipo. Bwana huyo wa Dar akikuambia, "Kimeandikwaandikwa, kwa hiyo hakina bei," jua anajaribu kukupunguzia.

Na lile sanduku lipekueni lote kabla ya kuzungumza na mtu. Wazee wa rika la babu yako waliweka vitu pamoja. Mnaweza kukuta vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ile ambayo watu walikaa kwenye vikundi wakasikiliza redio na kusoma, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mimi navipenda hivyo kuliko hotuba zote, kwa sababu viliokoa watoto. Mnaweza kukuta Tujisahihishe ya Mwalimu ya 1962. Mkikuta Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kishikeni vizuri: Mwalimu alikichapisha Harare mwaka 1993, akiwakosoa vikali viongozi wa juu wa Serikali na chama chake mwenyewe, na nakala zilizoingia nchini zilipita mkono kwa mkono. Mkikuta kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika, chenye jina la Tanzania Publishing House na mwaka 1972, basi babu yenu alikuwa msomaji kwelikweli, maana hiyo ni chapa ya kwanza inayotafutwa duniani kote. Na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, ingekuwa na haki ya kuwemo, kwa kuwa Kinjeketile mwenyewe ni wa Ngarambe, hukohuko kwenu.

Kukitunza sasa. Ndundu ni mtoni, na hewa ya delta ina unyevu unaokula karatasi taratibu kuliko moto. Msikifunge kwenye mfuko wa nailoni; unyevu ukinaswa ndani, ukungu utaota. Msikitie selotepu palipochanika, gundi yake inageuka kahawia na haitoki. Msikipeleke kwenye laminesheni, hata kama kijana wa steshenari atawasihi. Pini zenye kutu zinaweza kutolewa taratibu kwa kuzinyoosha upande wa ndani, lakini kama mkono wa mtu unatetemeka, ziacheni. Kifungeni kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, kisikolee manukato. Wekeni kwenye boksi gumu, juu ya kabati, mbali na ukuta unaolia maji masika na mbali na bati linalochoma kiangazi. Majani makavu ya muarobaini wekeni ndani ya boksi, yasigusane na karatasi. Kila baada ya muda fungueni mtazame mchwa na panya. Na mkipiga picha za kurasa, zihifadhini kwenye simu zaidi ya moja. Kulaza kijitabu kwenye mashine ya fotokopi na kukikandamiza kutavunja mgongo wake.

Shangazi anataka kukichukua yeye. Ana haki ya kutaka, na moyo wake nimeupenda. Lakini anaijua Aprili 2024 kuliko mimi, maji yalipoingia majumbani Muhoro na watu wakahama na walichoweza kubeba kichwani. Kwa sasa kikae mahali palipo juu, kwa mtu ambaye ukoo unamwamini, hata kama ni huko kwenu upande wa Ikwiriri. Shangazi awe mwenye kauli juu yake bila kuwa mwenye kukilaza chumbani kwake. Mwelezeni hivyo, ataelewa, amezaliwa mtoni.

Mtaamua nini? Mimi rai yangu ni kwamba msiuze. Ninaisema waziwazi ili usidhani nakuzungusha. Nchi hii imeandika juu ya Nyerere kwa wingi, mpaka ule wasifu mkubwa wa majuzuu matatu wa Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata uliotoka 2020. Rais wa zamani Mkapa, mtu wa Lupaso aliyekuwa akipita Ndundu kwenda kwao Masasi tangu enzi za kivuko, na ambaye daraja lenu la karibu mita 970 lililozinduliwa 2003 lina jina lake, naye aliandika kitabu cha maisha yake, kikatoka 2019. Mzee Mwinyi, naye rais wa zamani na mtu wa Pwani mwenzenu, akafuata 2021. Maneno ya viongozi tunayo. Tulichokosa ni ya wasomaji wao. Mkulima wa bondeni, aliyehamishwa, aliyekaa na kijitabu hiki na penseli, akakiweka chini ya kanzu kwa zaidi ya miaka hamsini: huyo hana sura katika kitabu chochote. Nakala yenu ndiyo sura yake. Ikiingia kwenye kabati la mtu asiyemjua, litabaki jina tu kwa wino, na atakayelisoma hatajua lilikuwa la nani.

Lakini nafahamu pia kwamba shida ni shida, na mtoto akiwa hana ada, mtu hawezi kumlisha historia. Wenye mali wakiamua kuuza, basi kiuzwe kwa heshima. Mtafute mnunuzi zaidi ya mmoja. Nendeni mkaulize Dar, kwa wauza vitabu vya zamani wa Posta na kwa wachapishaji wenye maduka. Waulizeni wanaouza na wanaonunua, bei zao haziko sawa. Msikubali mtu kukichukua "nikakionyeshe halafu nitawapigia". Mnunuzi aje akione mbele ya warithi, akilipie hapohapo, iandikwe karatasi ya mauzo yenye jina la babu, mahali kilipotoka na jinsi kilivyopatikana, mwenyekiti wa kijiji ashuhudie, na nakala ya karatasi hiyo iende pamoja na kijitabu kokote kitakakokwenda. Picha za kurasa zote na zile sauti mlizorekodi zibaki kwenu, na hilo halina mjadala.

Kuna njia ya tatu ambayo sijaisikia kwenye barua yako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sehemu ya maktaba inayokusanya maandiko ya Afrika Mashariki, Maktaba Kuu ya Taifa aliifungua Mwalimu mwenyewe Desemba 1967, na Butiama kuna makumbusho yake. Mnaweza kuwapa kwa masharti, kwa maandishi, na jina la babu likaandikwa kwenye kumbukumbu zao. Au iwe karibu zaidi: shule ya sekondari ya kwenu, kama ina mwalimu wa historia anayejali na kabati linalofungwa. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma Azimio kwenye kitabu cha kiada, halafu akaonyeshwa nakala ya mzee wa kijiji chake, hatasoma kwa namna ileile tena. Lakini hakikisheni kwanza kabati hilo lipo, na ufunguo wake uko kwa nani.

Huyo bwana wa Dar mpigie wewe, kwa kuwa kaka yako ameshamwahidi na atasitasita. Kwa adabu, mwambie mmiliki amefariki karibuni, warithi hawajakaa, na hakuna aliyeruhusiwa kupatana bei. Muulize yeye anakusanya nini, tangu lini, na kwa nini nakala hii. Mtu wa kweli wa vitabu atafurahi kuulizwa na atakueleza mengi ambayo yatakusaidia. Anaweza hata kuwa rafiki wa ukoo. Mwenye haraka atakata simu. Ukimaliza naye, piga Muhoro umwombe shangazi aje Ijumaa baada ya swala, na baba mdogo mwambie kwamba hakuna atakayemlazimisha kukishika kijitabu, mnachotaka ni kumsikiliza.